TELEVISHENI NDOGO YA KIOO BAPA: FAIDA NA KASORO ZAKE

Likizo iliyopita baba aliuza magunia ya mahindi, akanunua televisheni ya kioo bapa ya inchi 24. Mwenye duka alimpa siku saba za kuirudisha asiporidhika. Baba akaniambia, "Wewe ndiwe usomaye Fizikia. Itazame, kisha uniambie kama fedha yangu imekwenda bure." Nayaandika hapa niliyoyaona, huenda yakamfaa mwingine.

Kwanza nieleze kipimo. Inchi 24 si upana. Ni urefu wa mshazari, kutoka pembe ya chini ya kioo hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Nilipopima kwa rula nilipata upana wa sentimita 53 na kimo cha sentimita 30 tu. Televisheni yetu ya zamani, ile ya kichogo, ilikuwa ya inchi 21, na kimo chake kilikaribia hicho hicho. Inchi zilizoongezeka zimekwenda upande.

Faida zake si haba. Uzito wake ni kama kilo 3, hata mdogo wangu huibeba. Kichogo kilitaka watu wawili. Tena haili umeme mwingi. Nyuma yake imeandikwa wati 30. Ikitumika kwa muda wa saa 4 kila siku, kwa siku 30 hula uniti 3.6 za LUKU. Kichogo cha wati 75 kingekula uniti 9.

Kasoro nazo zipo. Boksi lake ni jembamba, kwa hiyo spika zake ni ndogo. Kwetu Tunduma tunakaa karibu na barabara kuu, na malori ya Zambia yakipita taarifa ya habari haisikiki. Kioo nacho huvunjika upesi, na kipya bei yake hukaribia ya televisheni nzima.

Kasoro kubwa niliijulia kwa bibi. Bibi anaumwa miguu, hukaa mkekani kando ya mlango, na televisheni tuliiweka juu ya kabati. Siku ya tatu alicheka tulipocheka, nikamwuliza ameona nini. Akajibu, "Mjukuu wangu, naona weusi tu. Nacheka nisiwakatize."

Nilikwenda nikaketi pale pale mkekani. Kweli, nyuso zote zilikuwa nyeusi. Ndani ya kioo hiki mna kimiminiko maalumu kinachozuia au kupitisha nuru ya taa zilizo nyuma yake. Katika televisheni nyingi za bei nafuu nuru hiyo hutoka vema kwa mtu aliye mbele. Aliye chini au kando huona giza. Kichogo hakikuwa na shida hiyo. Basi tulifurahia kitu kipya, na bibi akapoteza alichokuwa nacho, asiseme neno.

Nilimshauri baba asiirudishe. Tuliishusha tukaiweka juu ya kigoda, tukaielekeza mkekani, na usiku ule bibi alicheka kabla yetu.

Kwa bwalo la shule haifai hata kidogo. Kwa chumba kidogo yatosha, lakini kabla ya kulipa omba iwashwe, kisha uchutame chini na kando, mahali ambapo mzee wako ataketi. Uitazame kutoka hapo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne