Taa ya akwariomu: masaa yanapita nguvu



Kila mutu aliyekomea ku Uvira, Baraka ao Kalemie anajua jambo moja bila kulisoma ku masomo: mwangaza unaamuru samaki. Usiku usio na mwezi, wavuvi wanawasha mataa juu ya ziwa. Vidudu vidogo vya maji vinakusanyika, ndagala zinavifuata, na wavu unapanda umejaa. Mwezi ukikuwa mukubwa, wavuvi wanapumzika, kwa sababu taa yao haionekani tena kitu mbele ya mwezi.

Leo ninaongea juu ya taa ya ku nyumba, ile ya akwariomu. Wamoja kati yetu wameanza kufuga ndani ya salo samaki wa rangi wa Tanganyika, na ulizo linarudi kila mara: «Ninunue taa gani?» Mimi ninaona ulizo la kwanza ni lingine: «Nitaiwasha tangu saa ngapi mpaka saa ngapi?»

Juu ya nini? Video nyingi tunazoangalia ku telefone zinaonyesha akwariomu za maji ya chumvi, zenye matumbawe. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya mwili wake munakaa mwani mudogo sana, ule wanaoita zooksanteli. Mwani huo unatengeneza sukari kwa mwangaza, na unalisha tumbawe sehemu kubwa ya chakula chake. Kwa hiyo mwenye matumbawe hana namna: taa yake ni chakula. Ananunua taa yenye nguvu, yenye rangi ya bluu, ya kelvin 10 000 mpaka 20 000, sababu maji yanakula rangi nyekundu kwanza, na kule chini inabakia bluu.

Sasa sisi? Tanganyika si maji ya chumvi ya bahari, hata kama iko na madini mingi na pH yake inakaribia 9. Samaki wetu hawali mwangaza. Mu akwariomu ya mawe na muchanga, bila mimea, taa inafanya kazi mbili tu: kutuonyesha samaki, na kuwaambia samaki kama ni muchana ao usiku. Ukiweka pale taa ya matumbawe, nguvu yote inayobakia itakuliwa na mutu ambaye haukumualika: mwani, ule utelezi wa kijani ku vioo.

Hilo nililijifunza kwa hasara. Akwariomu yangu ya kwanza ilikuwa ya litre 200. Nilipata taa kubwa ya matumbawe, ya okazyo, bei muzuri. Niliiwasha masaa 14 kila siku, nikijisemea samaki watafurahi. Nilikuwa nawalisha pia mara nyingi, sababu wageni walipenda kuona. Kisha wiki tano maji yalikuwa ya kijani kama supu ya sombe. Usiku mumoja kuranti ikakatika, pampu ikasimama. Asubui mapema nilikuta samaki saba wamekufa kati ya kumi na moja.

Mutu wa agronomi alipaswa kuona jambo hilo mbele. Chakula kinachobakia na mavi ya samaki ni mbolea: azoti na fosfori. Mbolea pamoja na mwangaza inatoa mavuno, na mavuno yangu yalikuwa mwani. Muchana mwani unatoa oksijeni, lakini usiku unapumua kama sisi wote, unaikula ile oksijeni pamoja na samaki. Saa mbaya kabisa ni mbele ya jua kutoka. Kama pampu imesimama, ni kwisha. Kumbe taa ya muchana njo iliua samaki usiku.

Basi, tuchague namna gani?

Kwanza, taa yenyewe. LED nyeupe ya kawaida, kwenye paketi wanaandika 6 500 K, inatosha. Kwa akwariomu ya litre 200, watt 10 mpaka 15 zinaonyesha samaki vizuri. LED ya watt 12 ikiwaka masaa 8 inakula watt-saa 96 kwa siku. Ampuli ya zamani ya watt 100, kwa masaa yale yale, inakula 800, na sehemu kubwa inageuka joto. Usiweke pia akwariomu mbele ya dirisha lenye jua: jua halina buto ya kuzimia.

Pili, uangalie samaki wako wanatoka wapi. Tropheus anaishi ku mawe ya maji mafupi na anakwangua mwani kwa meno. Mwangaza kidogo zaidi haumusumbui, na utelezi ku mawe ni chakula chake. Frontosa, yule mwenye mistari myeusi na nundu ku kichwa, anapenda kukaa chini, mara nyingi kupita metre 20, kule mwangaza uko kidogo. Ukimuwashia taa kali, atajificha nyuma ya mawe siku nzima, na utasema umeuziwa samaki mugonjwa.

Tatu, masaa, na hapa njo penye kazi yote. Kwetu karibu na ekweta, muchana ni masaa 12 hivi mwaka muzima. Samaki wamezoea usiku wa kweli. Mwangaza wa salo unaingia tangu asubui, kwa hiyo taa yenyewe masaa 8 inatosha. Mimi ninawasha saa sita ya muchana, ninazima saa mbili ya usiku: nikirudi ku kazi, ninawaona. Asiyefika ku nyumba mbele ya giza awashe kwanza taa ya salo, angoje dakika 20, kisha awashe ya akwariomu. Mwangaza wa gafula unashtua samaki, wanajigonga ku vioo. Maji yakianza kuwa kijani, rudisha masaa ku 6, punguza chakula, badilisha robo ya maji kila wiki.

Watu wananunua minuteri ili iwashe na kuzima pa nafasi yao. Ni vizuri, lakini ujue: minuteri ya kuzungusha inatembea kwa kuranti. Delestaji ya masaa matatu ikipita, na yenyewe imesimama masaa matatu. Kisha siku ine za namna hiyo, «muchana» wa akwariomu yako unaanza ku usiku wa manane. Tafuta yenye batri ndogo ndani, ao uirekebishe kila kuranti inaporudi.

Na kuranti ikikosa kabisa? Wengi wanaunganisha taa ku batri ili wageni waendelee kuona. Tuhesabu. Batri ya volt 12 na ampere-saa 7 inabeba watt-saa 84, na si vizuri kuimaliza yote, sema 42. Pampu ndogo ya hewa ya watt 3 inakula 36 kwa masaa 12. Maana yake, batri hiyo inaweza kulinda samaki usiku muzima, lakini kama taa ya watt 12 inaikula, itakwisha mbele ya saa ine. Samaki anaweza kukaa gizani siku mbili bila shida. Bila oksijeni, asubui haifike.

Kwa hiyo mbele ya kununua taa ya bei kubwa, nunua pampu ya batri. Pesa zikibakia, ongeza minuteri. Taa ije ya mwisho, na iwe ndogo.