Safari na mtoto: Msemee njiani

Ndugu msomaji, huenda mwezi huu utasafiri na mtoto. Labda unampeleka kwa bibi yake. Labda unampeleka hospitali ya mkoa. Mtu mzima akiumwa njiani, atasema. Mtoto mchanga hawezi kusema. Yeye hulia tu. Kwa hiyo ni kazi yako wewe mzazi kumwandalia safari yake na kumsemea.

Tuchukue mfano wa safari ya basi kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Safari hii ni ndefu, zaidi ya kilomita 800. Basi huondoka Mbeya kwenye baridi. Hupita Makambako na Iringa, huteremka Kitonga, hupita Mikumi na Morogoro. Mwisho huingia kwenye joto la pwani. Mtoto hupita baridi na joto katika safari moja.

SOMA TIKETI YAKO

Wewe sasa unajua kusoma. Tumia elimu hiyo. Ukipewa tiketi, isome papo hapo. Soma jina la basi, tarehe, namba ya kiti na nauli uliyolipa.

Soma pia saa ya kuondoka. Tiketi nyingi huandikwa kwa saa za Kizungu. Ukiona 06:00, maana yake ni saa 12 asubuhi. Si saa 6 mchana. Ukikosea hapo, basi litakuacha kituoni na mtoto mgongoni.

Kisha chukua karatasi. Andika jina la mtoto, jina lako, kijiji chenu na namba ya simu. Mtie mtoto karatasi hiyo mfukoni. Kituo kikubwa kama kile cha Mbezi, Dar es Salaam, kina watu wengi. Mtoto anayetembea anaweza kupotea kwa dakika moja.

FUNGASHA VITU HIVI

Weka vitu vya mtoto katika mfuko mdogo. Kaa nao karibu. Usiutie kwenye buti la basi. Ndani weka:

1. Maji yaliyochemshwa na kupozwa.
2. Chakula kikavu, kama mkate, viazi vilivyochemshwa au ndizi mbivu.
3. Nepi na nguo za kubadilisha, nzito na nyepesi.
4. Kanga mbili na kitambaa cha kufutia.
5. Kopo lenye mfuniko, la kutapikia. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwezi Juni 2019.
6. Pakiti za ORS, yaani dawa ya kurudisha maji mwilini.
7. Kadi ya kliniki.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 hahitaji chakula wala maji. Maziwa ya mama yanamtosha, hata wakati wa joto. Mnyonyeshe mara kwa mara.

NJIANI

Watoto wengi hutapika kwenye kona na miteremko kama ya Kitonga. Kabla ya safari mpe mtoto chakula chepesi, kisicho na mafuta mengi. Mkalishe mahali penye hewa. Mwambie atazame mbele, mbali. Usimkatie kidonge cha mtu mzima. Kama hutapika kila safari, uliza kliniki mapema.

Mtoto akitapika au kuharisha, mpe ORS kidogo kidogo kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Akilegea, macho yakididimia, au akishindwa kunywa, usingoje kufika mwisho wa safari. Shuka mji wa karibu, umpeleke hospitali.

Basi likisimama abiria wachimbe dawa, mshike mtoto mkono. Usivuke naye barabara. Magari mengine hayasimami. Pia usimwache atoe kichwa au mkono dirishani.

UKISAFIRI KWA GARI DOGO

Mkalishe mtoto kiti cha nyuma. Kama kipo kiti maalumu cha mtoto, kifungwe vizuri, naye afungwe humo. Usimpakate kiti cha mbele. Gari likigonga kitu, hakuna mikono yenye nguvu ya kumzuia mtoto. Tena usifunge mkanda mmoja juu yako na juu ya mtoto. Uzito wako utambana.

Mkisimama njiani, usimwache mtoto peke yake ndani ya gari lililofungwa. Jua huligeuza gari kuwa tanuri kwa muda mfupi. Kufungua kioo kidogo hakutoshi. Mtoto anaweza kufa.

USIOGOPE KUSEMA

Kwa miaka mingi mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku. Mwaka 2023 yaliruhusiwa tena. Usiku dereva anaweza kusinzia. Mchana anaweza kukimbizana na basi lingine. Sheria inasema basi lisizidi kilomita 80 kwa saa, na kilomita 50 mahali penye makazi ya watu.

Abiria wengi huona hatari lakini hunyamaza. Wanasema, "Dereva ndiye anayejua." Dereva anajua kazi yake, lakini hajui kwamba mwanao hapumui vizuri huko nyuma. Mwambie kondakta kwa adabu: "Ndugu yangu, mwambie dereva apunguze mwendo, tuna watoto." Au: "Mtoto anaumwa, tunaomba msimame." Abiria wenzako watakuunga mkono. Kama dereva hasikii, piga simu polisi, namba 112, au toa taarifa kwa askari wa barabarani mtakaposimamishwa.

Ndugu msomaji, nauli uliyolipa si ya kufika tu. Ni ya kufika salama, wewe na mtoto wako. Soma ukurasa huu pamoja na jirani anayejiandaa kusafiri. Safari njema.