Jipu la Uso Halitaki Ndimu

Jipu likichomoza puani au juu ya mdomo, kila mtu nyumbani huwa tabibu. Shangazi anakata ndimu, jirani anatwanga kitunguu saumu, mwingine anakuja na dawa ya meno. Ikianza kuchoma, mgonjwa anaambiwa avumilie, eti inafanya kazi.

Imani hiyo ndiyo inayounguza nyuso za watu. Ndimu ni asidi kali kwa ngozi ya uso, na ukiipaka kisha ukatoka juani unaweza kupata malengelenge na madoa meusi yatakayodumu miezi. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa juu ya ngozi kwa saa chache huiunguza kabisa, na watoto ndio huumia zaidi. Wakati huo bakteria waliosababisha jipu, mara nyingi Staphylococcus aureus, wametulia chini kwenye shina la unywele, ambako ndimu haifiki. Mtu alikuwa na jipu. Sasa ana jipu na kidonda.

Mabaya kuliko hayo ni mirija ya krimu zenye clobetasol au betamethasone, zinazonunuliwa dukani bila cheti cha daktari. Wekundu hupungua upesi na mtu hufurahi, kumbe kinga ya ngozi inashuka na maambukizi yanapata nafasi. Akizizoea, ngozi hukonda na chunusi humwagika usoni.

Tiba moja ya bibi zetu ilikuwa sahihi: kukanda. Chovya kitambaa safi katika maji ya moto yasiyounguza, kamua maji, kiweke juu ya jipu dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Jipu huiva na kupasuka lenyewe. Kitambaa hicho kifuliwe kwa maji ya moto, wala taulo isichangiwe na mtu mwingine.

Lakini usilikamue, hata likiwa limeiva. Mishipa ya damu ya pua na mdomo wa juu imeungana na ile iliyo nyuma ya macho, karibu na ubongo. Ni mara chache maambukizi kufika huko, ila yakifika huweza kuua. Homa, kichwa kuuma sana au jicho kuvimba ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Na majipu yakipona na kurudi, omba upimwe sukari.