Mkono Ulioandika Masnavi

Msafiri Ibn Battuta, ambaye watu wa pwani yetu humkumbuka kwa kuwa alifika Mombasa na Kilwa mnamo mwaka 1331 akaandika sifa za Sultani wa Kilwa na ukarimu wake kwa mafakiri, hakupitisha miaka mingi baada ya safari hiyo ila alikuwa amekwisha kuingia bara ya Anatolia, nchi ambayo leo ni Uturuki. Na huko, katika mji wa Konya, akalikuta kaburi la Maulana Jalaluddin Rumi, akasimuliwa habari za kitabu kiitwacho Masnavi, ambacho wenyeji walikitukuza mno na kukisoma zawiyani mwao kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliambiwa kwamba Maulana alikuwa akitamka mashairi, na wanafunzi wake wakiyaandika. Maneno hayo machache yamefunika umri mzima wa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye nitakayemweleza hapa, kwani jina la mwalimu limeenea mashariki na magharibi, ilhali jina la mwanafunzi aliyeshika kalamu halitajwi ila na wachache.

Jina lake lilikuwa Husamuddin, na kwa heshima akiitwa Chelebi, yaani bwana muungwana. Wazee wake walikuwa Wakurdi, asili yao Urmia, upande wa Uajemi, na baba yake alikuwa mkuu wa vyama vya akhi, navyo vilikuwa vyama vya vijana na mafundi wa mijini walioahidiana kusaidiana, kumkirimu mgeni na kushika murua, ambavyo Ibn Battuta aliona wema wao mji hata mji. Baba alipofariki, Husamuddin angali kijana, na wakubwa wa vyama wakamtaka akae mahali pa mzee wake. Lakini inasimuliwa ya kuwa aliwachukua watu wale wote waliokuja kumpa ukubwa, akaenda nao kwa Maulana, akainamisha kichwa mbele yake; kisha akawaambia kila mmoja arejee kwenye kazi yake ajitafutie riziki, na mali aliyoachiwa akaitumia katika khidma ya sheikh mpaka ikamalizika.

Maulana mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1207 na kukirithi kiti cha kusomesha cha baba yake, alikuwa mwanachuoni wa sharia mwenye wanafunzi wengi, mpaka mwaka 1244 alipoingia mjini Konya Shamsuddin wa Tabriz, darweshi aliyemgeuza maisha yake, kisha akatoweka asionekane tena. Baada ya huzuni hiyo Maulana alimfanya mwandani wake Salahuddin, mfua dhahabu wa pale Konya, mtu asiyekuwa na elimu ya vitabu lakini aliyekuwa na utulivu wa moyo. Naye akafariki mwaka 1258. Husamuddin alikuwa wa tatu. Shamsuddin alimwasha Maulana na Salahuddin akampoza, walakini ni huyu wa tatu aliyemfanya aseme maneno ambayo sisi nasi tumeyapata.

Kisa chake ni hiki. Husamuddin aliona wenziwe wakishughulika kuvisoma vitabu vya Sanai na Attar, washairi wa Kiajemi waliotangulia, wakitafuta humo mafunzo ya njia ya masufi. Basi usiku mmoja, alipompata mwalimu wake peke yake, akamwomba atunge kitabu cha namna hiyo, kiwe ukumbusho kwa wapenzi wa Mungu. Maulana hakujibu kwa maneno. Alipeleka mkono kilembani mwake, akatoa karatasi iliyokunjwa, akampa. Na ndani yake mlikuwa na beti 18, ambazo ndizo beti za mwanzo wa Masnavi mpaka leo. Kisha akamwambia kwamba ikiwa yeye Husamuddin atakuwa tayari kuandika, basi naye atakuwa tayari kusema.

Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi iliyochukua juzuu sita na beti zaidi ya 25,000, kila beti ikiwa na vipande viwili vyenye kina kimoja. Maulana alikuwa akisema amekaa au amesimama, akitembea au akiwa katika halaka ya dhikiri, na mara nyingine alianza baada ya isha akaendelea mpaka mwangaza wa alfajiri, na Husamuddin hali yuko mbele yake anaandika mbio asipitwe na neno. Kisha, yakishakusanyika yale yaliyoandikwa, akamsomea tena kwa sauti, naye alikuwa na sauti njema, ili sheikh asikie na kusahihisha palipohitaji kusahihishwa. Aliyepata kukaa darsani katika misikiti yetu, akaona jinsi mwanafunzi anavyosoma kitabu mbele ya sheikh, na jinsi sheikh anavyofunguka akimwona msomaji wake amefahamu, na anavyofupisha maneno akimwona amesinzia, atatambua mara moja kazi ya Husamuddin ilikuwa kazi gani. Masikio yake yalikuwa ndiyo ndoo iliyoyavuta maji juu. Nalo neno la kwanza kabisa la Masnavi ni amri ya kumtaka mtu asikilize, na mtu wa kwanza kuitii amri hiyo alikuwa yeye.

Juzuu ya kwanza ilipokwisha, mkewe Husamuddin alifariki, na msiba ukamlemea hata akawa hana nguvu ya kushika kalamu. Kazi ikasimama. Konya haikukosa waandishi, kwani ulikuwa mji mkuu wa masultani wa Kiseljuki, mna madrasa na makatibu wa diwani wenye hati nzuri, na yeyote kati yao angaliona fahari kuitwa. Walakini Maulana hakuliendeleza shairi lake na mtu mwengine, akanyamaza kadiri ya miaka miwili, mpaka yule mfiwa alipopata nafuu akarudi mwenyewe. Mwanzo wa juzuu ya pili umetaja kuchelewa huko, na umetaja mwaka wa kuanza upya, ambao kwa hesabu yetu ni 1264. Mimi kila niifikiapo habari hii huona kwamba hakuna heshima kubwa zaidi ambayo mwalimu angaliweza kumpa mwanafunzi wake kuliko kimya kile, ijapokuwa baadaye alimwita Nuru ya Haki, na kitabu chenyewe akakiita Kitabu cha Husamu.

Adabu yake kwa sheikh wake ilikuwa ya ajabu. Walioandika habari zao wanasema kwamba katika miaka yote ya khidma hakupata hata siku moja kutawadha mahali alipotawadhia Maulana. Bali katika usiku wa baridi kali, theluji ikianguka, kwani Konya ni bara ya juu na baridi yake huuma, alikuwa akitoka akaenda nyumbani kwake, akachukua udhu, kisha akarudi kukaa mahali pake. Tena wanasema ya kuwa yeye alikuwa Mshafii, kama tulivyo wengi wetu katika pwani hii, na Maulana alikuwa Mhanafi; siku moja akataka kuingia madhehebu ya mwalimu wake, kwa mapenzi tu, asitofautiane naye hata kwa jambo moja, na Maulana akamkataza, akamwambia abaki alipo. Sheikh mwenye kutaka wafuasi wa kujionea fahari asingalikataa zawadi kama ile.

Husuda haikukosekana. Kila zawadi iliyoletwa na maamiri Maulana aliamuru ipelekwe kwa Husamuddin aigawe, hata mwanawe Sultan Walad akapata kulalamika kwamba nyumbani hamna kitu. Lakini baba hakubadili shauri lake.

Maulana alifariki tarehe 17 Desemba 1273, na jeneza lake likafuatwa na Waislamu, Wakristo na Mayahudi wa mji ule. Alipoulizwa kabla ya hapo ni nani wa kushika mahali pake, alimtaja Husamuddin, na alipoulizwa tena akamtaja yeye yule. Hata hivyo, matanga yalipokwisha, Husamuddin alimwendea Sultan Walad, akamtaka akae yeye katika kiti cha baba yake. Na Sultan Walad, ambaye kwa damu na kwa elimu alikuwa na haki ya kudai, akakataa, akasema kwamba kama vile Husamuddin alivyokuwa khalifa wakati wa uhai wa baba, basi na aendelee kuwa khalifa baada yake. Habari hii Sultan Walad aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, katika kitabu alichokitunga kwa mashairi. Watu wawili walisukumiana ukubwa, kila mmoja akimpa mwenziwe, wakati Wamongoli wameishika nchi na wakuu wake wakiuana kwa ajili ya vyeo.

Kwa miaka kama 11 Husamuddin alikuwa khalifa. Kuba lilijengwa juu ya kaburi, wakfu ukapangwa, maimamu, mahafidhi na wasomaji wa Masnavi wakapewa posho zao, na baada ya sala ya Ijumaa watu wakikusanyika kusoma Kurani, kisha Masnavi. Nakala kamili ya kale zaidi tuliyo nayo, iliyohifadhiwa pale pale Konya, iliandikwa mwaka 1278, khalifa angali hai, kutokana na nakala iliyosomwa na kusahihishwa mbele ya mwalimu na mwanafunzi wake. Alifariki mwaka 1284, akazikwa karibu na sheikh wake, na uongozi ukamfikia Sultan Walad, aliyengoja bila ya manung'uniko.

Juzuu ya sita ya Masnavi inamalizikia katikati ya kisa cha wana watatu wa mfalme. Maulana alinyamaza hapo, asikikamilishe. Husamuddin aliyekuwa ameisikia kila beti ikitoka kinywani, aliyeijua mizani ile na mwendo wa sauti ile kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai, aliishi na kisa hicho miaka yote ya ukhalifa wake, kalamu iko mkononi na wasomaji wanangoja, na kisa kikabaki vilevile kilivyoachwa.