VPN si hoja: kufunga tovuti za kubeti

Swali huja kwa sura ile ile kila mara. Mke amegundua mshahara wa mumewe umekwisha kabla ya tarehe kumi, au kaka mkubwa amebaini kuwa ada ya chuo aliyomtumia mdogo wake imeishia kwenye mikeka. Anamtafuta mtaalamu, na salamu hazijaisha anauliza: ni programu gani inayofunga tovuti zote za kubeti na ambayo hakuna anayeweza kuifungua? Akiambiwa haipo, anakata tamaa pale pale. "Sasa ya nini kujisumbua? Si atawasha VPN tu."

Kauli hiyo imewaponza wengi. Mafundi simu wanaisema, wazazi wanaisema, hata watu wenye dhamana ya kulinda umma wanaisema kana kwamba mjadala umefungwa. Wanaowahudumia waraibu wa kamari wameichoka, maana imejengwa juu ya dhana moja ambayo ushahidi unaikataa: kwamba kizuizi kinachoweza kuvukwa hakizuii kitu.

Ushahidi wa karibu uko Uganda. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook, Twitter na mitandao mingine ya kijamii. VPN za kuikwepa kodi hiyo zikasambaa haraka; vijana walizipakua bure na kuwawekea wazazi wao. Hadi leo tukio hilo hutajwa kuthibitisha kwamba kuzuia chochote mtandaoni ni kazi bure. Kinachosahaulika ni takwimu za Tume ya Mawasiliano ya Uganda: katika miezi mitatu ya mwanzo ya kodi hiyo, idadi ya waliojiunga na huduma za intaneti ilishuka kwa zaidi ya milioni mbili. Kodi yenyewe ilikuwa mbovu na ilifutwa mwaka 2021, lakini somo lake halikufutwa nayo. VPN ilikuwepo, ilikuwa ya bure, na habari zake zilikuwa kila kijiwe. Bado watu kwa mamilioni waliachana na huduma waliyoipenda, kwa sababu ya ada ndogo na usumbufu kidogo.

Atatokea wa kusema kwamba wale walikuwa watumiaji wa kawaida, hawakuwa na uraibu. Ni pingamizi la haki, na jibu lake liko Norway. Tarehe 1 Julai 2007 nchi hiyo iliondoa mashine zote za kamari zilizokuwa zimejaa madukani, kwenye vituo vya mafuta na migahawani. Utabiri ulikuwa ule ule: wachezaji watahamia mtandaoni, kwenye kampuni za nje, na hali itakuwa mbaya zaidi. Wapo waliohama. Ila watafiti waliowafuatilia watu wazima waliokuwa wakicheza mashine hizo walikuta uchezaji umepungua na matatizo yamepungua, na simu zilizopigwa kwenye huduma ya taifa ya ushauri zikapungua pia. Mashine zilizoruhusiwa kurudi baadaye zilidai kadi ya mchezaji na kikomo cha fedha za kupoteza. Njia ya kukwepa ilikuwa wazi muda wote, na wengi hawakuifuata.

Sababu inaeleweka na yeyote aliyewahi kukaa na mraibu asubuhi na kumwona tena usiku. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeuweka uraibu wa kamari kati ya maradhi yanayotokana na tabia za uraibu, na alama yake ya kwanza ni kushindwa kujidhibiti. Asubuhi mtu anaapa kwa dhati kabisa kwamba basi. Saa nne usiku, yuko peke yake, ana simu mkononi na salio kwenye akaunti, arosto inapanda. Hamu hiyo ina kilele, kisha inashuka. Kwa kawaida ni suala la dakika, haidumu siku nzima. Kizuizi kinawekwa na mtu wa asubuhi ili kimsaidie mtu wa usiku kuzivuka dakika hizo.

Dakika hizo si chache zikipimwa kwa michezo ya siku hizi. Mkeka wa Jumamosi humfanya mtu asubiri dakika 90 za mpira. Mchezo wa Aviator hausubirishi. Kindege chekundu kinaruka, namba inayozidisha dau inaanzia 1.00 na kupanda, 1.20, 1.85, 2.40, na mchezaji anatakiwa atoe hela yake kabla kindege hakijatoweka. Kikitoweka, dau limekwenda. Raundi inaweza kuisha kwa sekunde chache, na nyingine inaanza kabla aliyepoteza hajameza mate. Kuna raundi zinazoishia 1.00 kamili, ambapo hata mwenye kidole chepesi hana la kufanya. Ndani ya dakika 20 mtu anaweza kucheza makumi ya raundi na kupoteza kodi ya nyumba ya mwezi. Sasa mtu huyo alazimike kwanza kutafuta VPN, aipakue kwa bando linaloelekea kwisha, achague nchi, agundue kwamba tovuti imekataa wageni wa nchi hiyo, aanze upya. Wako watakaofika mwisho. Wako ambao kichwa kitakuwa kimetulia katikati ya safari, wakaizima simu wakalala. Kwa familia za hao wa pili, kizuizi kilichokuwa "kazi bure" kimeokoa unga, mafuta na nauli za watoto.

Benki za Uingereza zimelielewa jambo hili vizuri kuliko wauzaji wa programu. Monzo, kwa mfano, inamruhusu mteja kufunga malipo yote ya kamari kwenye akaunti yake. Akibadili mawazo anaweza kuyafungua, ila atasubiri saa 48. Waliobuni utaratibu huo walijua kabisa kuwa mteja anaweza kuuvunja. Walichohakikisha ni kwamba hauvunjiki usiku ule ule.

Hoja ya VPN ina kasoro nyingine, na hii ni ya kiufundi. VPN huficha intaneti ya mtu inatokea wapi. Haifichi M-Pesa. Afrika Mashariki hakuna anayebeti kwa kuangalia tovuti tu. Lazima hela itoke kwenye simu iende kwa kampuni, na inatoka kwenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho. Tena kubeti kwenyewe mara nyingi hakuhitaji tovuti. Mwenye kitochi anaandika ujumbe mfupi: namba ya mechi, alama ya reli, ubashiri, alama ya reli tena, kiasi cha dau. Anautuma kwenye namba fupi ya kampuni na kujibiwa kwamba mkeka umepokelewa. Hakuna bando, hakuna kivinjari, hakuna programu ya kuzuia iliyoona chochote. Hapo ndipo wanaouliza kuhusu programu wanapokosea kweli: wanahangaika na tovuti huku hela ikipita kwenye menyu ya simu.

Kenya ilionyesha mwaka 2019 kwamba serikali inaijua njia hiyo. Mwezi Julai bodi ya leseni za kamari iliposema kampuni 27 hazikuhuishiwa leseni, haikuanza na tovuti. Iliitaka kampuni ya simu ya Safaricom ifunge namba zao za malipo za Paybill na namba fupi za ujumbe. Kabla ya Oktoba, SportPesa na Betin, zilizokuwa kati ya kampuni kubwa kabisa, zilikuwa zimetangaza kusitisha shughuli nchini. Ugomvi ule ulikuwa wa kodi, haukuwa wa kuwaokoa waraibu, na wachezaji walihamia kampuni zilizobaki na leseni. SportPesa yenyewe ilirudi mwaka 2020. Hata hivyo ilibainika kwamba mahali pa kufunga panafahamika, na uwezo wa kufunga upo.

Ndiyo maana inaudhi kuona mjadala wa kanda hii ukiishia kwenye VPN. Uingereza ina GAMSTOP: mtu anajiandikisha mara moja, anachagua miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, na tangu Machi 31, 2020 kila kampuni ya kamari ya mtandaoni yenye leseni nchini humo inalazimika kumkataa. Hawezi kujiondoa kabla ya muda wake. Mfumo huo unamtambua mtu kwa jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na barua pepe, vitu ambavyo mjanja anaweza kuvichezea. Tanzania inasajili laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA. Orodha ya waliojiondoa iliyofungwa kwenye kitambulisho kimoja, na kila kampuni ikalazimika kuikagua kabla ya kupokea shilingi, ingekuwa imara kuliko ya Waingereza. Wenye mamlaka waulizwe hilo, kwa sauti, badala ya kuulizwa jina la programu.

Kuna dawa moja ya uongo isiyostahili kupewa nafasi kubwa, ila inaleta madhara: kufunga kwa siri. Mke anachukua simu mume akiwa bafuni, anaweka programu, anabadili nywila. Siku mbili baadaye mume amegundua, amechukua simu ya rafiki au ameenda kwenye kibanda cha mikeka mtaani, na sasa ana sababu ya kukasirika badala ya sababu ya kuzungumza. Kizuizi humsaidia aliyekubali kukiweka, hata kama amekubali kwa nusu ya moyo. Asiyekubali anahitaji mazungumzo kwanza, na familia inahitaji kulinda fedha zake kwa njia nyingine.

Kwa aliyekubali, kazi inaweza kukamilika mchana mmoja. Aombe kila kampuni aliyojiandikisha imfungie akaunti kabisa, kwa maandishi, na ahifadhi majibu. Kujitoa kampuni moja hakumtoi nyingine. Aweke programu ya kuzuia, BetBlocker, ambayo ni ya bure, au Gamban, ya kulipia, kwenye kila simu na kompyuta ya nyumbani, achague muda mrefu, kisha ajaribu kufungua tovuti alizozoea, maana za kwetu huenda hazimo zote kwenye orodha. Namba fupi za kampuni zizuiwe kwenye ujumbe. Atoke kwenye makundi ya Telegram na WhatsApp yanayouza "mechi za uhakika" na programu za kutabiri Aviator. Zote ni utapeli, na programu ya kuzuia haiyagusi makundi hayo. Mkopo wa papo kwa papo uondolewe: Fuliza, Songesha na jamaa zake ndizo zinazogeuza salio la sifuri kuwa dau la saa sita usiku. Mshahara uingie akaunti ya benki isiyounganishwa na simu, au sehemu yake iende moja kwa moja kwa mtu anayeaminika, na kwenye simu ibaki hela ya nauli na chakula. Hayo yafanyike kabla ya siku ya mshahara na kabla ya ligi kurudi, si baada. Akihamia kwenye dubwi, yaani mashine ya kamari, au kibanda cha mikeka, hiyo haina maana kwamba mpango umekufa. Mpango unaongezwa hatua nyingine.

Sambamba na hayo aonane na mtu wa afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa au kituo kilicho karibu. Hakuna kidonge kilichoidhinishwa mahususi kwa uraibu huu; tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ya mazungumzo, ile inayomfundisha mtu kutambua vishawishi vyake na kuzihoji fikra zinazomrudisha, hasa ile ya kurudisha hela iliyopotea. Aulizwe pia, bila kuzungukazunguka, kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halipandikizi wazo kichwani, na kwa mtu mwenye madeni ya kamari haliwezi kungoja kikao cha pili.

Na ndugu wanaochanga kumlipia madeni wasimpe hela mkononi. Yaorodheshwe madeni yote, yakiwemo ya mikopo ya simu, na kila anayedai alipwe moja kwa moja.