VIPANDE VYA LEGO KWA REJAREJA: NJIA YA TAWI LENYE FEDHA KIDOGO



Tumepokea maswali kutoka matawi mbalimbali kuhusu vile vitu vya kuchezea tunavyovitumia katika mafunzo ya usalama ya tawi letu la wajenzi hapa Kampala. Wengine wanauliza tulivipata wapi na kwa bei gani. Wengine wanauliza kwa nini mchango wa mfanyakazi unatumika kununua vitu vya watoto. Maswali yote mawili ni ya haki. Mtu anayekatwa mchango katika ujira wake hana budi kuelezwa kila shilingi imekwenda wapi. Kwa hiyo tunaeleza hapa jambo zima, tangu mwanzo wake, ili tawi linalotaka kufanya hivyo lisipoteze fedha.

Kwa nini tulivihitaji

Wengi wetu tunafanya kazi juu ya majukwaa ya miti ya mkaratusi yaliyofungwa kwa misumari na kamba. Mwaka juzi, katika jengo moja mjini, jukwaa lisilokuwa na miti ya mshazari lililala upande kama mlango wa uzio mbovu. Mwenzetu mmoja alivunjika nyonga, na hadi leo hawezi kubeba karai la zege. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama. Lakini sheria haifungi miti. Mfanyakazi mwenyewe inampasa awe na macho ya kulitambua jukwaa bovu kabla ya kulipanda, na awe na maneno ya kumweleza msimamizi ubovu uko wapi.

Tulianza kwa kugawa karatasi. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi, na karatasi za Kiingereza zilibaki mifukoni zikichakaa kwa jasho. Tukachora ubaoni. Mchoro haudanganyi, lakini pia hauanguki. Tulihitaji kitu kitakachoanguka mezani mbele ya macho ya watu, ili mtu asianguke kutoka ghorofa ya tatu.

Vipande vyenyewe

Lego ni kazi ya mji mdogo wa Billund, nchini Denmark. Aliyeianzisha ni seremala, Ole Kirk Christiansen, aliyeanza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932 wakati kazi za useremala zilipokuwa haba. Tofali la plastiki tunalolijua leo, lenye vichwa juu na mirija ndani, liliandikishwa hataza tarehe 28 Januari, 1958. Vipimo vyake havikubadilika tangu hapo. Kutoka katikati ya kichwa kimoja hadi katikati ya kingine ni milimita 8. Tofali la leo linashikana na tofali la 1958, na hiyo ndiyo sababu vipande vilivyotumika vina soko: haviishi muda wake.

Mwaka 1977 kilitoka kizazi kingine cha vipande kiitwacho Technic. Hivi vina mihimili yenye matundu, pini, ekseli na gia. Kwa fundi mjenzi, hivi ndivyo vyenye faida. Nao umbali wa tundu hadi tundu ni ule ule wa milimita 8.

Sasa tazameni jambo hili. Kila fundi mwashi anajua kupima pembe ya nyumba kwa tatu, nne na tano. Mhimili wa Technic wenye matundu 7 una nafasi 6. Wenye matundu 9 una nafasi 8. Wenye matundu 11 una nafasi 10. Sita, nane na kumi ni tatu, nne na tano zilizozidishwa kwa mbili. Kwa hiyo ukiunga mihimili miwili ya 7 na miwili ya 9 kwa pini, unapata fremu ya jukwaa. Isukume kwa kidole kimoja, italala. Ukiongeza mhimili mmoja wa 11 kwa mshazari, unaingia sawasawa katika matundu ya pembe, na fremu haisogei tena. Hakuna hotuba inayoshinda hilo.

Fremu moja inataka vipande 9 tu: mihimili mitano, pini mbili fupi, na pini mbili ndefu kwa zile pembe ambazo mihimili mitatu inakutana. Fremu tano ni vipande 45.

Soko la rejareja

Ukiingia dukani kununua boksi, unalipa boksi, picha, jina na vipande vingi usivyovihitaji. Boksi la kreni kubwa ya Liebherr lililotoka mwaka 2023 liliuzwa zaidi ya Yuro 600. Halmashauri ya tawi letu ilikuwa imeturuhusu kutumia shilingi 400,000 za Uganda na si senti zaidi. Mzee mmoja seremala, tunayemheshimu sana, alisema mbele ya wote kwamba mchango si wa kununulia vinyago. Tulikubaliana naye kwa masharti mawili: kiasi kisizidishwe, na kila risiti isomwe mkutanoni.

Njia iliyobaki ilikuwa kununua kipande kimoja kimoja kwa intaneti. Soko kubwa la namna hiyo ni BrickLink. Lilianzishwa mwaka 2000 na Dan Jezek, aliyekuwa mpenzi wa vipande hivi, na mwaka 2019 kampuni ya Lego yenyewe ilitangaza kulinunua. Wakati huo lilikuwa na maduka zaidi ya 10,000 katika nchi 70. Maduka hayo ni ya watu binafsi, kila mmoja na akiba yake, bei yake na masharti yake. Lipo pia soko jingine liitwalo Brick Owl, na Lego wana dirisha lao la rejareja liitwalo Pick a Brick. Haya yote hayapeleki mizigo kila nchi. Jambo la kwanza ni kusoma muuzaji anapeleka wapi.

Sisi tulitumia njia wanayoijua wengi wetu. Mwanachama mmoja ana dada anayefanya kazi ya uuguzi nchini Ujerumani, ambako wauzaji ni wengi. Vipande vilitumwa kwake, akaja navyo likizo katika sanduku lake la nguo. Tofali la vichwa viwili kwa vinne lina uzito wa gramu 2.3 hivi. Matofali 400 hayafiki kilo moja.

Mambo ya kushika

Kwanza, jua namba ya kipande. Majina hubadilika kwa kila muuzaji, lakini namba haibadiliki. Tofali la mbili kwa nne ni 3001. Mhimili wa matundu 7 ni 32524, wa 9 ni 40490, wa 11 ni 32525. Pini fupi yenye kukaza ni 2780, na ile inayozunguka kwa urahisi ni 3673. Pini ndefu ni 6558. Katika vipande vingi namba imechapwa ndani kwa herufi ndogo sana. Tafuta kijana mwenye macho mazuri.

Pili, usichague rangi kwa moyo. Kipande kile kile huweza kuwa rahisi kwa rangi nyeusi na ghali mara kadhaa kwa rangi adimu. Jukwaa la mafunzo halihitaji urembo. Andika kwamba rangi yoyote inafaa, kisha uchukue iliyo rahisi. Nanyi mnaotaka rangi zifanane, fahamuni kwamba rangi ya kijivu ilibadilishwa miaka ya 2003 na 2004. Kijivu cha zamani na cha sasa havilingani.

Tatu, nunua mitumba. Soko linatenganisha kipya na kilichotumika. Mhimili wenye mikwaruzo unafanya kazi sawa na mpya. Angalizo ni kwenye pini: pini iliyochoka hulegea, na jukwaa la mafunzo likilegea kwa sababu ya pini, somo linapotea. Pini tulinunua mpya, mihimili tukanunua iliyotumika.

Nne, tazama bei ya wastani. BrickLink huonyesha kila kipande kiliuzwa kwa wastani gani katika miezi sita iliyopita. Hiyo ndiyo mizani ya mnunuzi. Pasipo mizani hiyo, utaambiwa bei ya mgeni.

Tano, na hili ndilo kubwa: posta hula fedha kuliko vipande. Tuchukue mfano. Unataka vipande 100, na kila kimoja ni senti 10 za Yuro. Hiyo ni Yuro 10. Ukivipata vyote duka moja, na posta ni Yuro 5, unalipa 15. Ukitafuta bei ya chini kabisa ya kila kipande katika maduka manne, pengine vipande vitashuka hadi Yuro 8, lakini posta mara nne ni Yuro 20. Umelipa 28 kwa kutafuta rahisi. Kwa hiyo weka orodha yako yote pamoja, tafuta duka lenye sehemu kubwa ya orodha, na umalizie yaliyobaki kwa duka la pili. Maduka mengine yana kiwango cha chini cha manunuzi. Soma kabla ya kujaza kikapu.

Sita, kumbuka ushuru. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifuta msamaha wa kodi kwa vifurushi vidogo vitokavyo nje tarehe 1 Julai, 2021. Marekani nayo ilifuta msamaha wake wa vifurushi vya chini ya dola 800 tarehe 29 Agosti, 2025. Ndiyo maana tulimwomba dada yetu anunue kwa wauzaji walio ndani ya Ujerumani tu.

Vya watengenezaji wengine

Wapo waliotuuliza kuhusu vipande vya makampuni mengine. Hataza ya tofali ilikwisha zamani, na tarehe 14 Septemba, 2010 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba umbo la tofali lile haliwezi kulindwa kama alama ya biashara. Kutengeneza tofali linaloshikana nalo si wizi. Wizi ni kuiga jina na maboksi ya mwingine. Vipande hivyo huwa rahisi, navyo kwa matofali ya mzigo vinatosha. Kwa mihimili na pini ni vema kujaribu vichache kwanza.

Wala tusisahau kwamba nyuma ya kila kipande kuna mfanyakazi. Viwanda vya Lego viko Denmark, Hungaria, Jamhuri ya Cheki, Meksiko na China, na cha Vietnam kilifunguliwa mwaka 2025. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilitangaza kupunguza kazi zipatazo 1,400. Mfanyakazi ni mfanyakazi, amwage zege au akusanye plastiki.

Kreni

Fedha iliyosalia baada ya fremu tulinunulia kreni ndogo: mihimili mirefu, ekseli, kapi, uzi, na gia yenye umbo la skrubu, namba 4716. Gia hiyo ukiizungusha mara 24, inazungusha gia ya meno 24 mara moja. Ukiachia mpini, mzigo unabaki hewani, maana mzigo hauwezi kuirudisha skrubu nyuma. Kreni ya kweli ina breki zake. Hii ni ya kuonyesha tofauti kati ya kushikilia kwa mkono na kushikilia kwa mashine.

Kisha tunaning'iniza matofali kwenye mkono wa kreni. Matofali 10 kwenye tundu la 4 kutoka ukingo wa msingi yana nguvu ya kuangusha sawa na matofali 5 kwenye tundu la 8. Vijana wanaofunga mizigo walidhani uzito peke yake ndio hatari. Sasa wanauliza pia mkono umenyoshwa kiasi gani.

Tulikofika

Mafunzo hufanyika Jumamosi mchana baada ya malipo. Fremu huzungushwa, kila mtu anaisukuma kwa mkono wake mwenyewe. Miezi michache iliyopita wanachama wetu wa eneo moja la kazi walikataa kupanda jukwaa la ghorofa ya pili hadi litiwe miti ya mshazari. Msimamizi alicheka. Akawaambia watarudi nyumbani bila ujira. Walikaa chini ya mwembe, na mmoja wao akamwonyesha kwa vijiti vinne na kimoja cha kukingama. Saa sita ililetwa miti. Ujira wa asubuhi ile walikatwa, na dai hilo bado tunalifuatilia hadi leo.

Risiti zote zilisomwa mkutanoni. Shilingi 400,000 hazikuisha, na salio lilirudi kwa Mweka Hazina. Yule mzee seremala alisimama akauliza kama pini zile zinaweza kuhimili mihimili ya matundu 15. Tumemwachia fremu moja aijaribu mwenyewe.

Matawi ya Rwanda, Burundi, Kongo na Kenya yanayotaka kununua, tunashauri msiagize kila mmoja peke yake. Tuleteeni idadi ya fremu mnazozihitaji, tuunganishe orodha, tugawane posta moja. Kila tawi litapata risiti yake na hesabu yake. Yaliyo machache yakikusanywa hutosha, na huo ndio mwanzo wa chama chochote cha wafanyakazi.