Sindano ya Moto na Mizani ya Molekuli

Katika duka la manukato Eastleigh, Nairobi, si mbali na Garissa Lodge, mzee wa duka alifungua karatasi ya nailoni akanionyesha kipande cha ambari. Ukubwa wa kokwa la embe, rangi ya kijivu, chepesi mkononi. Akapasha sindano kwa kiberiti, akaichomeka. Pakayeyuka weusi kama lami, ikapanda harufu ya ufuo wakati wa maji kupwa, kisha utamu fulani nyuma yake.

"Hii ndiyo yenyewe, dada."

Nilimwamini. Ila sindano haisemi ndani mna nini. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi mla ngisi, na kiini chake ni ambreini, ambayo muundo wake ulifumbuliwa mwaka 1946. Spektromita ya masi huigonga molekuli kwa elektroni hadi ivunjike, kisha hupima uzito wa kila kipande. Ambreini nzima ina uzito wa 428, na jinsi inavyovunjika humwezesha mkemia kuitambua, kama alama za vidole.

Kwa pwani yetu upimaji huu wa molekuli ni zaidi ya manukato. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Kemikali inayoua katika nyama hiyo bado haijatambuliwa, wala hakuna dawa ya kuivunja nguvu. Familia za waliofariki zilistahili jibu.

Nairobi tunajua spektromita inavyolipa. Pale Kasarani, wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walichambua harufu ya kuro, mnyama ambaye mbung'o humkwepa, wakapata kifukuza mbung'o kinachovalishwa ng'ombe shingoni. Bahari nayo ifanyiwe hivyo. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ipo Mombasa tangu 1979, na Bahari ya Hindi iko mlangoni pake.

Lakini tusinunue chuma peke yake. Pampu ya ombwe hufanya kazi usiku na mchana. Umeme ukikatika ghafla, vipimo huharibika. Kuna gesi ya heliamu, vipuri, na fundi anayeijua mashine kwa sauti yake. Bajeti isiyo na mshahara wa fundi huyo imenunua nusu ya mashine.

Nilipomweleza mzee haya, alinyamaza kidogo. Kisha akachukua kisu, akakwangua chembe ya ambari, akaifunga kwenye kijikaratasi.

"Ukiipata hiyo mashine, nipimie."